Bakuli Jeupe

Baba mkubwa Asajile hajui kusema kwa kifupi. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na mpaka leo akiwa mbele ya watu watatu husimama kana kwamba yuko mbele ya gwaride la asubuhi. Siku ile alisimama sebuleni kwa Bibi, hapo Tukuyu, mvua ikipiga bati na bati likigeuza kila tone kuwa umeme kama lilivyozoea. Akakohoa, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mimi sina mengi."

Tukajiweka sawa kwenye viti. Tulijua urefu wa hayo yasiyo mengi.

Tulikuwa watano. Bibi Tusekile, mama wa wote, alikuwa amejifunga khanga mbili na kuvaa sweta la kijani, pumzi yake ikisikika mpaka mlangoni. Baba mkubwa ni mwanawe wa kwanza. Shangazi Gwantwa ni binti wa pekee wa Bibi. Ipyana, mtoto wa Shangazi, ni fundi wa zile ndege ndogo zinazopeleka maziwa Mbeya, kijana asiyeweza kukaa hata msibani bila kutania. Na mimi ni Subilaga, mjukuu mkubwa, niliyelelewa na Bibi baada ya baba yangu kufariki. Katikati yetu, juu ya meza ya chai, lilikaa bakuli.

Bakuli lilikuwa langu. Yaani lilikuwa la ofisi, lakini mimi ndiye msomaji wa mabakuli wa wilaya, na nimelibeba begani mpaka bega moja limeshuka. Wote wanne walikuwa wamevaa bangili zake. Mimi sikuvaa, kwa sababu msomaji havai. Nilikuwa na kioo changu mapajani, nimekielekeza kwangu peke yangu.

Kanuni pia inasema msomaji asisome kikao cha watu wake. Nilimwambia Baba mkubwa kwamba nitamleta mwenzangu wa Kyela, akawaka. "Tumlete mgeni aje kuchungulia moyo wa mama yangu? Mambo ya ndani yanabaki ndani, mwanangu." Shangazi akasema hivyo hivyo. Ipyana akasema hivyo hivyo. Bibi akaitikia kwa kichwa. Nikaona aibu kubaki peke yangu na kanuni yangu, nikafuta jina la mwenzangu, nikaandika langu.

"Daktari ameshasema," Baba mkubwa aliendelea. "Mapafu ya mama yanakauka. Akitunzwa vizuri anaweza kuwa nasi mwaka huu, pengine na mwingine. Dawa bado inatafutwa, na wanaoitafuta wanasema ni miaka ishirini, labda thelathini. Nyumba ya Baridi iko tayari kumpokea. Mama atalala. Hatazeeka, hatasikia maumivu, na siku dawa ikipatikana ataamshwa. Sisi wengine huenda tusiwepo siku hiyo, lakini yeye atakuwepo. Kwa hiyo mimi kama mkubwa nasema, mama alale." Akameza mate. "Nani ana la kuongeza?"

Nyumbani kwetu hilo si swali. Nimelisikia tangu utotoni, kwenye posa, kwenye matanga, kwenye kuuza ng'ombe. Maana yake ni: semeni ndiyo, tukale.

"Kaka amesema yote," alisema Shangazi.

"Mimi nani nimpinge Baba mkubwa?" alisema Ipyana. "Na Bibi mwenyewe amekubali."

"Mimi nawafuata ninyi," alisema Bibi.

Bakuli, ambalo lilianza likiwa jekundu kama kaa la moto, lilififia kidogo kidogo, likawa jeupe kama maziwa.

"Mnaona?" alisema Baba mkubwa, sauti ikimtetemeka kidogo. "Umoja ni nguvu."

Tukapiga makofi. Nami nikapiga.

*

Bangili hupima mapigo ya moyo, jasho la ngozi na mkazo wa koo, kwa maana koo la mtu hukaza anapomeza neno. Bakuli hukusanya hayo yote kutoka kwa kila aliyevaa na kuyafanya mwanga mmoja. Mioyo ikivutana, jekundu. Ikikaa pamoja, jeupe. Lilitungiwa sheria enzi zile watoto wa baba mmoja walipokuwa wakiburutana mahakamani, huyu akidai mzee aamshwe na yule akidai aachwe alale. Sheria ikasema basi, hakuna atakayepelekwa Nyumba ya Baridi mpaka bakuli liwe jeupe mbele ya familia yake, kabla ya mapumziko na tena baada yake, na kila mara litulie hivyo kwa muda wa birika kuchemka.

Likafanya kazi vizuri, ugomvi ukapungua, na kama kawaida yetu kitu kizuri hatukukiacha mahali pake. Siku hizi kikao cha wazazi shuleni kina bakuli. Kwaya inachagua sare kwa bakuli. Niliwahi kuisomea kamati moja ya harusi iliyokubaliana, kwa mwanga mweupe usio na doa, kwamba wageni wapewe chakula baridi. Tukuyu! Mwezi wa saba! Watu walikaa ukumbini wakitafuna wali uliopoa huku meno yakigongana, na kila mwanakamati niliyemuuliza baadaye aliniambia kwamba yeye hakupenda, ila aliona wenzake wamependa. Nilicheka sana siku ile.

Sasa sikucheka. Bakuli huonyesha moyo wa wote, lakini kioo cha msomaji kina mstari wa kila mtu peke yake. Baba mkubwa aliposema "mama alale", mistari yote minne iliruka. Wa kwanza kuruka ulikuwa wa Baba mkubwa mwenyewe, neno likiwa bado mdomoni. Ukafuata wa Shangazi, wa Ipyana, na wa Bibi uliruka kuliko yote.

Halafu niliona jambo ambalo nimeliona vikao vingi bila kulitazama. Bakuli ni zito kidogo, halibadiliki papo hapo. Katika kule kusubiri, kila mmoja alitazama uso wa mwenzake, akauona umetulia, akautuliza wake. Bakuli likapokea utulivu huo, likaanza kuwa jeupe. Walipoona weupe, wakatulia zaidi. Bakuli halikudanganya hata kidogo. Lilipima utulivu, na utulivu ulikuwepo, ila kila mmoja alikuwa ameuazima kwa jirani.

"Mapumziko," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba. Nilikuwa na hofu, tena ya kweli. Bakuli likikubali mara ya pili, kesho asubuhi gari la Nyumba ya Baridi lingepanda kilima chetu, na mimi nisingemsikia tena Bibi akiniita.

*

Nilimfuata Shangazi jikoni. Alikuwa anamenya ndizi, na nyingine alikuwa anazitupa sufuriani na maganda yake.

"Shangazi, wewe unaonaje hili la Bibi?"

"Kaka ameshasema."

"Nimekuuliza wewe."

Akaendelea kumenya. "Kaka yangu amekonda kwa jambo hili, Subilaga, humwoni? Ndilo linalompa matumaini. Leo mimi nisimame nimvunje moyo? Na mama mwenyewe anataka."

"Alikuambia?"

"Hakuniambia." Alilitazama ganda lililokuwa mkononi mwake. "Lakini hakukataa."

Ipyana alikuwa barazani, anachezea bangili. Nilipomuuliza alicheka, akaniambia kwamba yeye kwenye ukoo huu kazi yake ni kubeba viti. Kisha akaacha kucheka. "Mama anataka sana, dada. Ndiye aliyekwenda kuuliza habari za hiyo nyumba. Nikimpinga mama yangu mbele ya watu, nitaonekana mtoto wa namna gani?"

Nikaingia chumbani kwa Bibi. Alikuwa ameketi kitandani, na kando ya miguu yake kulikuwa na mkoba uliofungwa.

"Nimefungasha," alisema. "Khanga, Biblia na picha yenu. Yule binti wa Nyumba ya Baridi aliniambia huko hakuna haja ya nguo. Nikamwambia, mwanangu, mtu haendi mahali mikono mitupu."

"Bibi, unataka kwenda?"

Alivuta pumzi, na ilichukua muda kufika. "Mmechoka. Hamsemi, lakini nawasikia mnavyopokezana mlangoni kusikiliza kama bado napumua. Nikilala, nanyi mtalala."

Nilipiga magoti kando ya mkoba ule kana kwamba naufunga vizuri, ili asinione uso. Nilikuwa na jibu kwenye kioo changu. Sentensi moja ingetosha: Bibi, hakuna hata mmoja anayetaka, nimeona kwa macho yangu. Lakini nilikula kiapo, nitasoma, sitasema. Na kiapo hicho si cha mapambo. Mwenzetu mmoja aliwahi kumnong'oneza mke jinsi mstari wa mume wake ulivyokaa jina la mke lilipotajwa, na ndoa ile haikufika Krismasi, na kwa miaka miwili hakuna mtu wa upande ule aliyekubali kuvaa bangili. Moyo wa mtu ni chumba chake. Niliamini hivyo, na bado naamini.

Tena kulikuwa na jambo lingine, gumu zaidi. Mstari unaoruka hauelezi kwa nini umeruka. Mtu anaweza kutaka jambo na likamuuma hapo hapo. Je, kama Baba mkubwa anataka kweli, ila anaumia? Nikivuruga kikao, na Bibi akafa kabla ya mwaka kwisha, huku kulala kungemfikisha kwenye dawa? Nani atanisamehe? Mimi nisingejisamehe.

Mstari mmoja tu ndio nilioujua maana yake, nao haukuwa kwenye kioo.

*

Tulirudi sebuleni. Chai ikamiminwa. Baba mkubwa akasimama tena, akafunga kifungo cha koti.

"Tulishakubaliana, kwa hiyo sina mengi. Tuthibitishe tu. Nani ana la kuongeza?"

Bakuli likaanza kupauka. Kwa jinsi lilivyokuwa likienda haraka, wangemaliza kabla chai haijapoa.

Nikafungua begi langu, nikatoa bangili ya akiba, nikaivaa.

Kioo kilizimika chenyewe mapajani mwangu, kwa maana msomaji anayevaa bangili amejivua kazi, na bila shaka huko ofisini kitu fulani kililia kuwaambia wakubwa zangu. Sikuwa na nafasi ya kuwafikiria. Bakuli lilikuwa limeingia doa, kama damu kwenye maziwa, na doa lilikuwa linapanuka.

"Limeharibika," alisema Shangazi.

"Halijaharibika, Shangazi. Ni mimi."

"Subilaga, unafanya nini?" Sauti ya Baba mkubwa ilikuwa ile ya mwalimu mkuu. "Wewe si wa kusema hapa. Wewe ni wa kusoma."

"Naomba radhi, Baba mkubwa. Si msomaji tena. Ni mjukuu."

"Unataka bibi yako afe?" Shangazi alisimama. "Ndicho unachotaka? Mtu anapewa nafasi ya kupona, wewe unaweka kigingi?"

Neno lile lilinichoma mpaka nikashindwa kuona vizuri. Nilitaka kuivua bangili, niombe msamaha, nimimine chai. Ingekuwa rahisi sana. Wengi wape, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi ni mtoto mwenye adabu.

"Sitaki afe," nilisema. "Na sitaki alale. Sijui namna ya kuyataka yote mawili, ndiyo maana nilinyamaza. Nafikiria siku atakayoamka, afungue macho, aulize chai iko wapi, na wa kumjibu asiwe hata mmoja wetu. Labda nakosea. Akifa mwaka huu nitajilaumu mpaka kaburini. Lakini pale mwanzo nilipiga makofi, na nilikuwa sikubali. Nawaambia hilo tu, kwa sababu ndilo ninalolijua. Siwezi kuwasemea ninyi."

Mvua ilikuwa imepungua, na taa za dari zikafifia pamoja nayo, hata bakuli likabaki kuwa kitu chenye mwanga zaidi chumbani. Tukalitazama sote. Lilikuwa halijarudi kwenye weupe. Lilikuwa linazidi kuwa jekundu, jekundu lile la mwanzo, kisha likapita hapo.

Moyo mmoja kati ya mitano hauwezi kufanya hivyo. Kila mtu mle ndani ameishi na mabakuli maisha yake yote, na hesabu hiyo haihitaji msomaji. Nikamwona Ipyana akifunika bangili yake kwa kiganja. Nikamwona Shangazi akifanya vivyo hivyo.

Baba mkubwa akaketi. Sikumbuki kumwona akiketi katikati ya kikao kabla ya siku ile.

"Sikutaka," alisema.

"Nini, Kaka?"

"Mimi sikutaka. Gwantwa, si wewe uliyeniletea habari za Nyumba ya Baridi? Nikasema, huyu ndiye anayemuuguza mama kila siku, ndiye anayejua. Nikimkatalia nitaonekana namtwika mzigo."

"Mimi?" Shangazi alishika kifua. "Nilikuletea kwa sababu Krismasi ulimsifia jirani yako kwa kumlaza baba yake! Ulimsifia mbele yetu sote, ukasema ni mtoto mwenye upendo. Nikajua unanipa ujumbe."

"Nilimsifia kwa sababu alikuwa amekaa mbele yangu anakula kuku wangu! Ulitaka nimwambie nini?"

Ipyana akaangua kicheko, akakizuia, kikatoka tena puani. Hata Shangazi mdomo ulimcheza. Baba mkubwa alikuwa anatutazama mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa amejiandaa kubeba gunia akakuta halipo.

"Nani basi?" aliuliza. "Nani aliyetaka?"

Tukamgeukia Bibi. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyajali.

"Msinitazame mimi," alisema. "Nilidhani mmenichoka."

Baba mkubwa alitoa sauti ambayo sitaki kuielezea. Mzee wa miaka sitini na kitu, alipiga magoti sakafuni, akamshika mama yake miguu.

"Mama, nisamehe. Sikukuuliza. Nilikutangazia. Sasa nakuuliza, na usinitazame usoni kutafuta jibu. Wewe unataka nini?"

Bibi alivuta pumzi. "Kukaa," alisema. "Na kikohozi changu hiki hiki. Nataka kumwona Ipyana akioa mtu atakayemnyamazisha. Nataka kuwaona mkizeeka vibaya."

Ingekuwa vizuri kusema kwamba hapo bakuli liligeuka jeupe, lakini haikuwa hivyo. Shangazi alikuwa bado amesimama, na alikuwa anatikisa kichwa.

"Mimi nataka ulale, mama," alisema.

Tukamgeukia.

"Nilisema ndiyo kwa ajili ya Kaka. Sasa naisema kwa kinywa changu. Usiku nikikusikia unatafuta hewa nakufa nawe. Kama kuna mahali ambapo maumivu hayatakufikia, nataka uende, hata nisikuone tena. Mnichukie mkitaka."

Nilimwogopea Shangazi wakati ule. Nilidhani Baba mkubwa atamkemea, au sisi wengine tutamzingira kwa upole mpaka akubali, kama tunavyojua. Nami nilikuwa tayari nimefungua mdomo kumbembeleza. Bibi alinyoosha kidole kimoja, nikaufunga.

"Ndaga, mwanangu," alimwambia, yaani asante kwa lugha ya nyumbani. "Hilo umelisema wewe, sijalisikia kwa mtu mwingine. Nitalifikiria. Huenda siku moja nikachoka kuliko nilivyo leo, na nitahitaji mtu aliyewahi kunieleza ukweli. Lakini gari la kesho lisije."

"Lisije," alisema Shangazi, akaketi, akalia.

Baba mkubwa akainuka kutoka sakafuni, akajipangusa magoti, na nikaona anatafuta mahali pa kusimama. Mazoea yana nguvu. Kulikuwa na mengi ya kupanga sasa: nani alale kwa Bibi, nani ampeleke kwa daktari, mashine ya hewa iwekwe chumba gani. Akashika kifungo cha koti.

"Asajile, kaa chini," alisema Bibi. "Siku zote anaanza mkubwa, na akishamaliza hakuna anayeona njia ya kupita. Leo aanze mdogo. Na hilo bakuli liondoeni katikati, linanizuia kuwaona."

Nilijua kwamba wiki ile ningeitwa ofisini, na kwamba huenda nisingelibeba tena bakuli lolote begani. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitakachowaambia: wafiche mwanga mpaka kila mtu awe amesema, na wa mwisho kusema awe yule aliyezoea kusema kwanza. Wangenisikiliza au wasingenisikiliza, ningewaambia tu. Nilivua bangili, nikalibeba bakuli likiwa bado jekundu, nikaliweka sakafuni nyuma ya mlango.

Niliporudi, wote walikuwa wanamtazama Ipyana. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, na nilisubiri utani kwa sababu sijawahi kumwona akianza bila utani. Alijisugua uso kwa mikono yote miwili.

"Bibi," alisema, "naogopa."

Bibi aliweka kikombe chini, akapapasa nafasi iliyokuwa kando yake kwenye kochi.

"Njoo hapa," alisema, "uniambie unaogopa nini."